Matundu ya Upande wa Ringi

Runzewe, Jumatatu, 3 Juni 1996

Daftari hili nimelinunua ili niandike mambo kabla watu hawajayageuza. Msimu wa pamba wa mwaka jana niliambiwa nimesema maneno ambayo sikuyasema, na sikuwa na ushahidi. Safari hii nitakuwa nao. Mimi ni Ignas, fundi baiskeli wa hapa stendi, mwaka wa kumi na mbili sasa.

Juzi nilikwenda Kahama, dukani kwa Mohamedali, kutafuta vifaa vya msimu. Kinachonisumbua mwaka huu ni ule utepe wa ndani ya ringi. Asiyejua kazi anaona gurudumu ni ringi, tyubu na tairi, basi. Hajui kwamba ndani ya ringi vichwa vya spoki vimetokeza, na tyubu ikivikalia bila kitu katikati, inatoboka. Miaka yote nimekata tyubu kuukuu nikazungushia humo. Mwaka huu hazipatikani. Kila mtu anafungia mzigo kwenye keria, na wachimbaji wa upande wa Geita wanazitaka za kufungia magogo ya mashimoni.

Mohamedali anauza utepe wa kitambaa, wenye gundi. Lakini pale sakafuni kwake nikaona ile mikanda ya plastiki ya njano inayofungia maboksi ya vipuri. Imekatwa, imetupwa. Nikaijaribu kwa meno, haikatiki. Upana wake kama umepimiwa ringi.

"Chukua yote," akasema. "Lakini hii ya kufungia boksi, fundi. Ringi inataka kitambaa. Hii itateleza."

Mtu anayeuza kitambaa atakuambia nini kuhusu plastiki? Nikabeba furushi zima, na sikununua kitambaa chake.

Alhamisi, 6 Juni

Magurudumu sita leo, yote ya njano. Utepe unang'aa hata unatamani usiufunike na tairi. Nkwabi wa ng'ambo ya bonde nimemvalisha yote mawili, mbele na nyuma. Kasema, "Sasa hata tani moja nitabeba."

Jumapili, 9 Juni

Penye mashine ya kusaga amekuja fundi mwingine. Anaitwa Jilala. Anasema alikuwa mchimbaji, akachoka na mashimo, sasa anataka kazi ya juani. Ana pampu moja, karai la maji na bisibisi. Asubuhi alikuja hadi kibandani kwangu, akanipa mikono miwili, "Mwangaluka, fundi. Nimekuja kujitambulisha." Mtu amekuja kukunyang'anya wateja halafu anakusalimia kwa mikono miwili, huyo ana lake jambo.

Halafu nimesikia ananunua tyubu kuukuu. Hata zilizokatika valvu, hata zenye viraka kumi. Nikamuuliza za nini. "Za kazi tu, kaka," akacheka. Tyubu mbovu ni za kazi gani? Nimeandika.

Jumanne, 18 Juni

Baiskeli mbili zimerudi na pancha. Barabara ina miiba.

Jumamosi, 22 Juni

Tatu tena. Moja ni ya Bujiku, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa hapa kwetu, ambaye mtu hupendi akurudie na malalamiko. Alisimama akiniangalia nikiziba. Alipoondoka alinitazama tena.

Jumatano, 26 Juni

Leo nimegundua jambo, na ninaliandika polepole.

Baiskeli ya Nkwabi ilirudi mara ya pili. Nilichovya tyubu kwenye maji, mapovu yakatoka, nikaona tundu. Dogo, la mviringo. Nikapapasa tairi ndani kwa vidole kutafuta mwiba. Hakuna. Nikaligeuza nje. Halina hata mkwaruzo. Nikarudi kwenye tyubu nikaona kwamba tundu haliko upande unaolalia tairi, liko upande wa ringi. Nikakumbuka zile za wiki iliyopita. Zote zilikuwa hivyo hivyo, nami niliziba tu nikarudishia, kama tunavyofanya siku zote.

Mwiba hauwezi kufika upande wa ringi bila kupita kwenye tairi. Kwa hiyo kuna mtu anafungua tairi, anachoma tyubu kwa sindano upande ambao hakuna atakayeangalia, kisha anarudishia tairi vizuri bila kuacha alama ya kijiko cha kubandulia. Mkulima hawezi kazi hiyo. Hiyo ni kazi ya fundi.

Hapa Runzewe mafundi tuko wangapi?

Jumatatu, 1 Julai

Jua kali. Pancha nne.

Ijumaa, 5 Julai

Nilikwenda mashineni kana kwamba nafuata unga, nikakaa saa nzima. Wateja wa Jilala wanabeba pamba ile ile, wanapita njia ile ile, na hawapati pancha. Niliwauliza watatu. Mmoja akaniambia, "Tangu anitengenezee, mimi nimesahau hata pampu ilipo." Anayechoma za wenzake hawezi kuchoma za wateja wake. Kwangu huo ni ushahidi tosha, lakini nitangoja.

Alhamisi, 11 Julai

Paskazia, mke wangu, amechelewa mashineni. Nikamuuliza kulikuwa na nini.

"Kulikuwa na foleni."

"Umezungumza na Jilala?"

"Amenisaidia kufunga gunia. Kwa nini?"

"Amekuuliza habari za kazi yangu?"

"Ameuliza unaendeleaje, maana amesikia unapata tabu na magurudumu." Akaweka ndoo chini. "Baba Loveness, wewe unamshuku mpaka anayekufungia gunia?"

Amejuaje napata tabu na magurudumu, kama si yeye anayeileta hiyo tabu? Kikulacho ki nguoni mwako. Mkoba wa vifaa nitalala nao chumbani.

Jumatano, 17 Julai

Nimefikiria pia kwamba labda Mohamedali ananiuzia tyubu mbovu kwa sababu nilikataa kitambaa chake. Nikanunua tyubu mpya kwa mchuuzi mwingine hapa hapa gulioni, nikaiweka kwenye gurudumu la Nkwabi. Siku ya nne ikatoboka. Upande wa ringi. Basi si Mohamedali. Nimemfuta.

Jumatano, 24 Julai

Jana limetokea la kutokea.

Limi, mke wa Nkwabi, alishikwa na uchungu mapema kuliko walivyotarajia. Nkwabi akamkalisha kwenye keria juu ya godoro lililokunjwa, akaanza kumleta zahanati. Kutoka kwao ni mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli, ukiwa na gurudumu. Katikati ya njia gurudumu la nyuma likaisha upepo. Akalijaza, likaisha tena. Akaendesha hivyo hivyo, ringi ikigonga mawe, mpaka ikapinda. Akaitupa baiskeli, akambeba mkewe mgongoni. Hawakufika mbali. Mtoto alizaliwa kwenye shamba la pamba la mtu. Mama mmoja aliyekuwa akichuma akakata kitovu kwa wembe aliotoa kwenye ncha ya khanga yake. Mtoto ni mzima, wa kike. Limi ametoka damu nyingi sana. Yuko zahanati na hawajui kama atapona.

Nkwabi amekuja leo kibandani amelibeba gurudumu begani. Nilidhani atanifokea. Aliliweka chini akakaa kwenye benchi, nguo zake bado zina damu iliyokauka.

"Fundi," akasema, "mimi nimemkosea nani?"

Nilimwonea huruma. Nikamwonyesha tundu. Nikamweleza yote: tairi safi, tundu upande wa ringi, kazi ya mtu mwenye ujuzi. Hakuniuliza ni nani. Aliuliza tu, "Una hakika?"

Nikamwambia ninayo hakika.

Alhamisi, 25 Julai

Tumekwenda kwa Bujiku, mimi na Nkwabi. Nimelitaja jina la Jilala. Bujiku alinitaka nilitaje tena, mbele ya katibu wake, na katibu akaliandika. Baraza litakaa Alhamisi ijayo. Akionekana na hatia, vifaa vyake vitachomwa moto na ataondoka Runzewe siku hiyo hiyo, yeye na watoto wake, na hakuna kijiji kinachofuata sungusungu kitakachompokea. Bujiku akasema, "Na wewe unajua desturi. Aliyesingizia huvaa nguo aliyomshonea mwenzake."

Najua desturi. Nimezaliwa hapa.

Jumamosi, 27 Julai

Baraza litataka ushahidi wa macho, kwa hiyo nimetega. Nimechukua baiskeli yangu mwenyewe, yenye utepe wa njano kama zao. Nimechukua uzi mwembamba mweusi nikaugandisha kwa gundi ya viraka, upande mmoja kwenye tairi, upande mwingine kwenye ringi. Nyuzi tatu kila gurudumu. Hakuna awezaye kufungua tairi bila kuzikata. Kisha nikaiacha mashineni kutwa nzima, karibu kabisa na Jilala, nikasema nitaifuata jioni.

Jumapili, 28 Julai

Nyuzi hazijaguswa. Amenusa mtego. Nimeirudisha pale pale baada ya misa.

Jumatatu, 29 Julai

Nyuzi zote zipo. Mjanja huyu. Limi anasemekana anakunywa uji sasa.

Jumanne, 30 Julai

Asubuhi nilipakia gunia la mpunga la shemeji yangu nikampelekea bondeni, kwa baiskeli ile ile yenye nyuzi. Tulipanda na kushuka, jua likichoma kama kawaida ya mwezi huu. Nilipokuwa karibu na daraja nikasikia gurudumu la nyuma linalegea. Nikashuka. Kwanza nilifurahi, naandika ukweli. Nilisema, leo nimemshika.

Nikainama kuangalia nyuzi. Ya kwanza nzima. Ya pili nzima. Ya tatu nzima, gundi haijapasuka hata kidogo.

Nilishusha gunia, nikageuza baiskeli miguu juu pale pale kando ya barabara. Nikakata nyuzi mwenyewe, nikatoa tairi kwa mpini wa kijiko, nikaivuta tyubu bila kuitoa valvu yake kwenye tundu lake, ili nijue kila sehemu ya tyubu ilikuwa imekaa wapi. Miaka kumi na mbili sijawahi kufanya hivyo. Tunachomoa, tunachovya, tunaziba. Tundu la tyubu lilikuwa limekalia kichwa cha spoki. Pembeni yake kulikuwa na alama nyingine ambayo bado haijatoboka, nayo imekalia spoki inayofuata. Na utepe wangu wa njano ulikuwa umesogea wote upande mmoja, umejikunja, vichwa vya spoki viko wazi, vinaangalia juu.

Nilikaa chini. Nilitafuta mtu mwingine wa kumshuku, na ninakiri hapa kwamba nilimtafuta kwa bidii. Nikasema labda ringi hii ni mbovu. Labda ni gunia. Nikafikiria hata uchawi, mimi ninayekwenda misa. Lakini Mohamedali aliniambia kwa mdomo wake, itateleza. Na Jilala hizo tyubu kuukuu alikuwa akizikata tepe za kuweka ndani ya ringi, kama nilivyokuwa nikifanya mimi zamani. Ndiyo hiyo kazi yake. Ndiyo maana wateja wake hawatoboki.

Nimesukuma baiskeli mpaka nyumbani. Njiani watu wananipa pole.

Jumatano, 31 Julai

Nimechoma furushi lililobaki, nyuma ya choo. Plastiki ina moshi mweusi na harufu mbaya. Paskazia akatoka jikoni akasimama akiutazama ule moshi.

"Si ule utepe wako mzuri?"

"Umeharibika."

"Umeharibika wote, siku moja kabla ya baraza."

Nikamwambia achunge mdomo. Hakuchunga. Akasema, "Mtoto wa Limi alizaliwa chini kama mbuzi. Na Jilala ana watoto wanne. Mimi sikuambii la kusema, Baba Loveness. Nitakuwepo kesho, nitakaa nyuma na wanawake, nikusikilize."

Nimefikiria hivi: nikinyamaza, kesho kutwa nitabadilisha tepe moja moja bila mtu kujua, pancha zitakwisha, na watu watasema zimekwisha kwa kuwa Jilala kafukuzwa. Hakuna atakayejua. Nimeliandika wazo hili ili nilione. Kipande kimoja cha njano sikukichoma. Kiko mfukoni, sijui kwa nini.

Alhamisi, 1 Agosti

Baraza limekaa saa nane mchana, uwanja wa gulio. Wanaume kama themanini na mikuki yao, wanawake nyuma. Gurudumu lililopinda la Nkwabi liliwekwa katikati.

Bujiku akaniita nirudie maneno yangu. Nikayarudia. Ndiyo, nikayarudia. Nilisimama mbele ya watu nikasema tairi lilikuwa safi na tundu lilikuwa upande wa ringi, na hayo ni kweli, kisha nikanyamaza hapo, nikaacha watu wamalizie wenyewe. Wakamalizia.

Jilala akaulizwa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. "Sijawahi kugusa baiskeli ya mtu ambaye hakuniletea," akasema. "Na kaka Ignas nilikwenda kumsalimia siku ya kwanza. Kama nina kosa, angeniambia." Aliniangalia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

Hakuwa na shahidi. Wateja wake walisema ni fundi mzuri, na kila aliposifiwa watu waliguna, kwa sababu ufundi wenyewe ndio uliokuwa hatia yake. Nilisikia hesabu yangu ya Julai ikitoka midomoni mwa watu wengine, neno kwa neno. Bujiku akanong'onezana na wenzake. Kisha akatoa ishara, vijana wawili wakaleta pampu ya Jilala, karai lake, na fungu zima la tepe nyeusi alizokwisha kata, wakavimwaga chini. Mmoja akatoa kiberiti.

Nilitazama zile tepe. Kila moja ilikuwa imetobolewa tundu la valvu, pembe zimelainishwa kwa msasa. Mtu alikuwa amekaa na kazi ile siku nyingi.

"Hiyo pampu mrudishieni," nikasema.

Sikusema kwa nguvu. Ilibidi niseme tena. Nikaenda katikati, nikachukua gurudumu la Nkwabi, nikatoa tairi mbele yao, nikaonyesha spoki zilivyo wazi na utepe ulivyojikunja pembeni. Nikatoa kile kipande mfukoni ili wakilinganishe. Nikasema huu ni utepe wangu, wa kufungia maboksi. Niliambiwa hautafaa, nikadhani anayeniambia anataka kuniuzia. Hakuna aliyefungua baiskeli ya mtu. Ni mimi niliyewavalisha.

Nkwabi akaja, akainama, akapitisha kidole kwenye vichwa vya spoki.

"Ulijua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema sasa hivi. "Juzi."

"Juzi," akasema. "Na umesimama hapa ukarudia maneno yako."

Akarudi kukaa. Nimepigwa maishani, lakini hakuna kipigo kilichoniuma hivyo.

Bujiku akasema desturi inataka niondoke Runzewe mimi. Lakini kwa kuwa nimesema kabla moto haujawashwa, nitatengwa siku thelathini. Hakuna wa kunisalimia, hakuna wa kunipa moto wala kuniazima jembe. Mke na mtoto wangu hawamo. Na kila gurudumu lenye utepe wa njano nitalitengeneza upya bure. Yalikuwa thelathini na moja.

Jumatatu, 5 Agosti

Asubuhi nimekuta baiskeli tatu zimeegemezwa kibandani. Wenyewe hawapo.

Jumamosi, 10 Agosti

Watu wanapita, wanasalimiana juu ya kichwa changu. Wawili walicheka. Walikuwa wakinicheka mimi. Au labda hapana. Sijui tena kujua.

Jumatano, 14 Agosti

Tepe zimekwisha. Nimetengeneza magurudumu tisa kwa tyubu zangu mwenyewe na za shemeji. Kuuziwa siwezi, nani ataongea na mimi bei? Kahama siwezi kwenda kumtazama Mohamedali usoni, bado.

Alhamisi, 15 Agosti

Jilala alipita akielekea mashineni. Hakunisalimia, sheria ni sheria. Alitua karai lake chini kama anayefunga kamba ya kiatu, ila alikuwa amevaa kandambili. Alipoinuka kulikuwa na fungu la tepe nyeusi kwenye benchi langu. Nikazikagua moja moja juani, nikizivuta, nikitafuta iliyochanika. Huo ndio moyo wangu ulivyo. Zote zilikuwa nzima. Ni ishirini na mbili. Alikuwa amepiga hesabu ya zilizobaki.

Jumamosi, 31 Agosti

Siku ya thelathini. Gurudumu la mwisho limeondoka.

Jumapili, 1 Septemba

Nimetoka misa. Bujiku ndiye aliyenisalimia wa kwanza, kwa sauti ya kusikika na wote. Nikaitikia. Jilala nimemfuata kwake, nikampa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, nikasema moja tu: "Nimekukosea." Akaniambia nikae, uji uko tayari.

Jumatatu, 2 Septemba

Jioni amekuja Limi mwenyewe, mtoto mgongoni, akisukuma baiskeli ya mumewe. Amekonda. Tangu siku ile sijawahi kumwona uso kwa uso.

"Shikamoo," akasema, kwa kuwa nimemzidi umri.

"Marahaba, mama. Gurudumu lina nini?"

"Halina kitu. Nasikia ulilitengeneza."

"Nimelitengeneza. Nimeweka tepe za mpira. Halitakusumbua tena, nakuhakikishia."

"Fungua nione."

Nilitaka kumwambia kwamba limekwisha kufungwa, kwamba limejazwa vizuri, kwamba mimi ni fundi mwaka wa kumi na mbili. Nikachukua kijiko. Nikatoa upepo, nikatoa tairi, nikaivuta tyubu pembeni. Limi akapiga magoti, akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akaweka kidole gumba juu ya utepe penye kichwa cha spoki ya kwanza, akabonyeza. Kisha ya pili. Alikuwa akizihesabu kimya kimya. Gurudumu la nyuma lina spoki arobaini, na alibonyeza zote arobaini, nami nikamzungushia ringi polepole ili asikose hata moja.